Baridi ya Benno

Shemeji yangu Benno anajua kila kitu, na mimi namdharau kwa hilo bila kuona haya. Anafuga ng'ombe wanne pale Mjimwema, huku kwetu nyanda za juu zenye baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, maziwa ya jioni huyaacha barazani kwenye madumu mpaka asubuhi, kisha hujisifu kwamba hahitaji friji wala kuni za kuchemshia.

"Mdudu gani atavumilia baridi hii, shemeji? Hata mbu wametuhama!"

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na tisa sasa. Niliyachukua maziwa yake kidogo, nikayaotesha maabara kuona vijidudu vilivyomo, nikamkuta bakteria aitwaye listeria. Nikamweleza Benno kwamba huyu ana vimeng'enya, yaani enzaimu, vinavyomwezesha kukua kwenye baridi inayowalaza wenzake, na vingine vya kutoboa vifuko anamofungiwa ndani ya seli za mwili. Dawa yake ni moto. Benno alisikiliza huku akichokonoa meno, akaniuliza kama hicho kimeng'enya nimekiona kwa macho. Nikasema hapana. Jumapili ile nje ya kanisa aliwasimulia watu habari yangu, wakacheka.

Ushahidi wake ulikuwa Hamisa, mwenye mgahawa Makambako, anayenunua maziwa hayo kila siku na hakuna mteja wake aliyewahi kuugua. Hamisa huyachemsha mpaka yafure mara tatu. Sifa alichukua Benno.

Kisha Devota, binti wa Benno, akarudi nyumbani kusubiri uzazi wake wa kwanza, mimba ya miezi saba. Nilimkataza maziwa mabichi. Baba yake akamjazia kikombe mbele yangu, eti mtoto apate nguvu. Devota alinitazama, akamtazama baba yake, akanywa.

Wiki ya tatu akapata homa ndogo, kama mafua tu. Mtoto akaacha kucheza tumboni. Damu ya Devota niliiotesha mwenyewe, nikamkuta bakteria yuleyule. Tulizika mtoto wa kike ambaye hakulia hata mara moja.

Mwezi uliopita nilimkuta Benno jikoni akichemsha maziwa, akikoroga kwa makini. Machozi yakanitoka, mjinga mimi. Nilipotoka barazani, madumu matano yalikuwa yamepangwa kwenye baridi.

"Na haya?" nikauliza.

"Hayo ya wateja, shemeji," akajibu, akaendelea kukoroga.