Barafu ya Kukuna na Sharubati ya Ukwaju

Harufu ya ukwaju ukichemka pamoja na sukari na iliki ndiyo iliyotawala kiangazi kile, pale kwetu Buguruni. Upepo ukigeuka, ilichanganyika na harufu ya machinjio ya Vingunguti, lakini ukwaju haukukubali kushindwa. Uliingia chumbani, ukakaa kwenye mapazia, ukatufuata hadi usingizini. Joto lilikuwa kali hata kuku walishinda kivulini wameachama. Ndipo akaletwa Zuhura kutoka Lindi.

Alikuwa binti wa mdogo wake mama yangu, aliyefariki kabla ya mvua za vuli. Tulikuwa rika moja, nami nilifurahi, maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wetu hakusema. Aliitika kwa kichwa, akala kidogo, akashinda barazani akitazama mchanga. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto amekuwa bubu. Mama akawajibu, "Kinywa ni jumba la maneno. Mwenye jumba atafungua mlango akitaka." Hata hivyo, jikoni nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mchana mmoja umeme ukakatika. Jirani yetu mwenye friza akaona heri agawe barafu zake kuliko zigeuke maji. Yetu ilikuja ndani ya beseni, kubwa kama tofali, ikifuka moshi mweupe. Mama akaiosha, akaishika kwa kitambaa, akakalia mbuzi ya nazi, akaanza kuikuna. Krr, krr, krr. Chembe zikamwagika kwenye sinia, nyeupe kuliko nazi, na jua likapita ndani yake hata baraza zima nikaliona kama liko chini ya maji. Akatujazia bakuli, akamimina sharubati ya ukwaju. Ule weupe ukanywea, ukawa wa kahawia.

Zuhura akaonja. Akafumba macho, akaonja tena.

"Mama alikuwa anatia tangawizi," akasema.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoitarajia. Mama akaacha kukuna.

"Kweli, mwanangu. Ndivyo bibi yenu alivyotufundisha. Mie nimesahau."

"Kidogo tu, mama mkubwa. Isiwashe."

Nikatumwa kutwanga tangawizi. Niliporudi niliwakuta wamekumbatiana sakafuni wanalia, na Zuhura anaeleza kwa kwikwi jinsi mama yake alivyokuwa akimlisha kwa kijiko, huku barafu ikiyeyuka miguuni mwao. Hakuna aliyeijali.

Zuhura hakurudi Lindi. Alikulia kwetu, na leo yuko Temeke na wanawe, na hakuna shughuli ya ukoo inayoanza kabla yeye hajashika kipaza sauti. Pale njia panda ya Buguruni sasa kuna mashine inayokwangua barafu kufumba na kufumbua, na chupa za sharubati za rangi nisizozijua hata majina. Watoto wangu huila wakitembea. Nyumbani friji haikosi barafu. Kila mmoja huchukua yake anapotaka, akaenda nayo chumbani. Ni tamu, sina ubishi. Ila sijaona mtu akiiacha iyeyuke kwa sababu mwenzake amesema neno.