Komunike ya Midi

Mpaka leo nikisikia kengele ya ile saa kubwa ya London, nazima redio. Wenzangu kazini wananicheka, wanauliza mtangazaji gani huyu anayezima redio. Na wacheke.

Nimetangaza miaka mingi hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, kwenye redio ndogo ya chumba kimoja ambayo kuta zake tumezibandika magodoro yaliyochakaa ili kelele za pikipiki zisiingie. Watu hawatupendi kwa muziki wetu, na hotuba za wakubwa ndiyo kabisa. Wanatupendea komunike. Mtu akifiwa, au akiuguza huku ndugu yake yuko mbali, anaandika karatasi, anatuletea, nasi tunaisoma asubuhi, midi, yaani saa sita mchana, na jioni, kila safari mara mbili. Midi ikifika, mtaa wote wa Mudzipela unanyamaza. Hata wanaogombania bei wanasimama kwanza, wasikilize ni nani anaitwa.

Na ya midi ndiyo komunike yenyewe. Ukiisikia saa hiyo, pikipiki bado zinatembea. Ya jioni ni ya kesho, kwa sababu kuanzia saa tisa hakuna dereva atakayekupakia kwenye barabara ya Aveba, kwa kuogopa wenye bunduki, umlipe unavyomlipa. Hilo halihitaji shule. Mkurugenzi wetu amezaliwa papa hapa, analijua vizuri kuliko mimi.

Siku ninayoisema, muuza samaki wa chumvi mmoja alinifuata studio saa nne, komunike za asubuhi zimeshapita. Familia yake ilihamia hapa ikikimbia vita vya Kivu ya Kaskazini. Mama yao alikuwa amezidiwa tangu alfajiri, na kaka yake, mtoto wa kiume pekee, alikuwa Aveba kununua maharage. Simu huko zilikuwa zimekatika wiki nzima.

"Yaya, dada yangu, soma yangu ya kwanza," aliniambia, ameishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Mama hakule, hakunywe. Iko anaita tu jina ya kaka."

Nikamwambia arudi kwa mama yake, midi atanisikia. Niliahidi kwa kinywa changu mwenyewe.

Saa tano na nusu mkurugenzi akaingia amevaa koti, joto lote lile. Redio ya Waingereza, ile iliyotupatia sahani ya satelaiti, ilikuwa na kipindi maalumu: siku moja ya utangazaji wao, kama ilivyokuwa baada ya vita vyao vikubwa, kuanzia asubuhi hadi usiku, imefupishwa kuwa ya saa mbili na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Akataka tukiunganishe chote, bila kukata.

"Na komunike?" nikauliza.

"Zitapita jioni."

"Iko mama anakufa, Direkteri. Mutoto wake iko Aveba."

"Madame, siye tuko na kontra, tulitia sahihi. Hapana kukata hata dakika moja." Akatoka kwenda kuwapokea wageni wake wa redio ile.

Basi nikakaa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kukatia matangazo, karatasi iko mbele yangu, na nikakaa. Kengele ikalia. Mwanamke akafundisha kupika keki kwa mayai ya unga. Ukaja muziki wa kuchangamsha wafanyakazi viwandani. Midi yetu ilitukuta tunasomewa upepo wa baharini, wapi mkali, wapi wa wastani, sisi ambao bahari tunaiona kwenye kalenda! Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Wavuvi wa Kiingereza waliosomewa upepo ule huenda wote wameshazikwa, lakini onyo lao la dhoruba halikukatwa.

Kisha ikaanza orkestra, na katikati muziki ukasimamishwa. Sauti ya mwanaume ikasema, taratibu kabisa, kwamba fulani, aliyeonekana mara ya mwisho katika mji fulani, anaombwa afike haraka hospitali, ambako mama yake ni mgonjwa mahututi.

Nikaitazama karatasi yangu. Maneno yalikuwa yale yale, isipokuwa jina la mji tu. Kumbe nao walikuwa na komunike! Na wao, kwa mama mmoja, walikuwa wanasimamisha orkestra nzima, wakati sisi tulimsimamisha mama yetu ili orkestra yao ipite. Hapo ningeweza kubonyeza. Sekunde ishirini zingetosha. Niliogopa kupoteza kazi yangu, na siku hizi sitafuti jina lingine zuri la woga ule.

Jioni niliisoma mara nne. Nilisoma kama mtu anayefokea ukuta.

Kesho yake, saa nne tena, kijana akasimama mlangoni kwetu, vumbi hadi kwenye kope, redio ndogo imening'inia shingoni kwa kamba ya katani. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya jua kuchomoza, na yeye, aliyeisikia komunike ya jioni, alitoka Aveba na pikipiki ya kwanza ya asubuhi. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na mkurugenzi, aliyesikia sauti nje, alikuwa ameshafunga mlango wa ofisi yake kwa ndani.

Kijana hakutukana.

"Midi nilikuwa nasikiliza," akasema. "Siye wote tulikuwa tunasikiliza pale soko, tunangojea komunike. Ikatoka ile ya mama ya muzungu, iko mugonjwa sana, anaita mutoto wake. Nilimuhurumia ule kijana, Mama. Nilisema, Mungu amusaidie afike." Akafuta uso kwa kiganja, vumbi likageuka matope. "Alifikaka?"

Kipindi hakikusema. Wageni walipiga makofi, mkurugenzi akawapa soda, na hakuna aliyeuliza.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaizima ile redio iliyokuwa shingoni mwake, akaenda kumzika mama yake.