Mchuzi Mmoja Juu ya Tortilla Zote

Jamani, nacheka sasa kwa sababu mambo yaliisha salama, lakini aibu ile hadi leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu njiani nafunika uso kwa kiganja, na wapita njia wanadhani nimeingiwa na vumbi jichoni. Najua wengine wenu mmeshaisikia kwa Baba Mukalayi, na yeye huongeza chumvi (anasema nilipiga magoti mbele ya Wazungu, uongo mtupu, niliinama tu), kwa hiyo afadhali mnisikilize mimi mwenyewe niliyeumbuka.

Ilikuwa miaka ile mji ungali ukiitwa Elisabethville, nami nilikuwa mpishi kwa Mbelgiji mmoja, injinia wa migodi, na mke wake tuliyemwita Madame. Nilikuwa na mvi tatu kidevuni na bado waliniita boyi, lakini sikulitia hilo moyoni sana, maana moyo wangu wote ulikuwa Mitwaba kwa mke wangu Ngoie na mtoto wetu, ambao sikuwa nimewaona kwa mwaka mzima na zaidi. Enzi hizo mwanamke hakuondoka tu kijijini akahamia mjini kwa sababu mumewe yuko huko. Wakubwa wa kule walitaka kwanza barua ya mwajiri inayosema mume ana kazi ya kudumu, ndipo watoe karatasi ya ruhusa. Nikamwomba Bwana barua hiyo. Akanitazama juu ya miwani yake.

“Kwanza tuone chakula ya dimanche,” akasema, yaani ya Jumapili. “Kama bageni banafurahi, nitaandika. Kama hapana, nitatafuta mupishi mwingine.”

Wageni wenyewe walikuwa injinia aliyewahi kufanya kazi na Bwana katika migodi ya Mexico, na mkewe, Madame Amparo, mzaliwa wa huko huko. Madame wangu naye alikaa Mexico miaka miwili, akarudi na daftari la mapishi na hamu ya kujionyesha. Akawaalika majirani pia, akatunga mchezo: vyakula vinne vya Mexico vitaletwa vimefunikwa, kila mtu atakisia jina la kila kimoja, na Madame Amparo atakuwa hakimu.

Wiki nzima akanifundisha. Shina la yote ni mkate mwembamba wa mviringo, tortilla, nao unatokana na mahindi yaliyochemshwa na majivu mpaka ganda likabanduka (hilo mama yangu alinifundisha kabla sijamwona Mzungu hata mmoja), yakasagwa, yakafanywa bapa, yakachomwa juu ya chuma kikavu. Kisha, kutokana na mkate huo huo mmoja, unapata majina manne: ukiukunja mara moja juu ya nyama ni taco (acheni kucheka jina hilo, mimi nilicheka peke yangu jikoni mpaka Madame akauliza kama naumwa), ukiuviringisha ni enchilada, ukiukunja juu ya jibini ikayeyuka ndani ni quesadilla, na ukiukaanga ukiwa bapa mpaka ukauke kabisa, ukapanga vitu juu yake, ni tostada. Mimi nikashika maumbo: cha kukunja, cha kuviringisha, cha jibini, cha bapa. Habari za mchuzi mwekundu wa nyanya na pilipili alizieleza pia, kwa kirefu, lakini kufikia hapo masikio yangu yalishafunga duka.

“Ilunga, unasikia muzuri?”

“Minasikia yote, Madame.”

Neno hilo, ndugu zangu, ndilo lililonichimbia shimo.

Jumapili ikafika, watu wametoka misa, wamekaa barazani na vitambaa vyao vyeupe, nami jikoni nimepanga sahani zangu nne, kila moja na umbo lake, nzuri mpaka nikajipiga kifua. Hapo akaingia Baba Mukalayi, aliyekuwa akipeleka chakula mezani, mtu mzima kunizidi na mwenye maneno kunizidi. Akaziangalia sahani, akakunja uso.

“Ilunga, mboga yao iko wapi?” akauliza, maana kwetu mboga ni kitoweo chochote, hata mchuzi.

“Ile ya kuviringa tu njo iko na mboga. Zingine ziko vile.”

“Kavu-kavu vile? Muntu anatoka mbali, unamupa bukari bila mboga? Ku kwetu ile ni matusi. Mugeni atasema tuko tunamufukuza!”

Sasa niambieni, kwa haki, ningemjibu nini? Kweli kwetu huwezi kumwekea mgeni bukari, ugali wetu, bila kitu cha kuchovya, atakutangaza njia nzima mpaka kwao, na mahindi ni mahindi hata yakizaliwa Mexico. Nikamwonea huruma yule mama aliyetoka mbali hivyo akutane na chakula cha kukwama kooni, na hapo jikoni sufuria ya mchuzi ilikuwa imejaa, nikachukua upawa nikamwaga. Nikamwaga juu ya taco, nikamwaga juu ya quesadilla, nikamwaga juu ya tostada, na ile enchilada iliyokwisha kuwa na mchuzi nikaiongezea ili isione wivu. Nikafunika. Baba Mukalayi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akazibeba.

Nilisimama nyuma ya dirisha la jikoni kungoja sifa. Kifuniko cha kwanza kikainuliwa, wageni wakakisia, Madame Amparo akaamua, “Enchilada!” na watu wakapiga makofi. Cha pili kikainuliwa, akasema, “Enchilada?” Cha tatu, akainama kunusa sahani. Chini ya cha nne ilikuwa tostada, iliyotakiwa kuvunjika kwa mlio mdomoni, nayo ilikuwa imekunywa mchuzi ikavimba na kulala kama gazeti lililonyeshewa. Kisha nikasikia sauti ya Madame wangu.

“Ilunga! Kuya hapa!”

Nikaenda nikijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Wazungu kumi na wawili wananitazama, na mbele yao madimbwi manne mekundu yanayofanana kama mapacha.

“Onyesha bageni,” akasema Madame. “Njo gani taco?”

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, kwamba hata yeye hazitofautishi tena. Mimi nikanyoosha kidole kwenye sahani ya pili, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa Mexico. Madame Amparo, kwa heshima yake, akaamini, akaishika taco kwa mkono, maana kumbe ndivyo inavyoliwa, huinuliwa kwa vidole ikapelekwa mdomoni. Lakini mkate ulishalowa. Ulipofika hewani ukakatika katikati, nyama yote ikaanguka juu ya suruali nyeupe ya Bwana aliyekaa kando yake, na mchuzi ukateremka mkononi mwa yule mama mpaka kwenye kiwiko. Jirani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana akaitazama suruali, akanitazama mimi, na mimi nikamwona Ngoie wangu akizeeka Mitwaba.

“Madame, pardon,” nikasema, nimeinama (nimeinama, si kupiga magoti). “Nilibahurumia. Ku kwetu mugeni hatumupatiake chakula kavu. Nilitia mboga kote.”

Madame akamtafsiria mgeni wake kwa lugha yao, midomo imebana. Madame Amparo akajifuta mkono taratibu, akauliza jambo. Madame akanigeukia.

“Anauliza kama tortilla zingine ziko. Kama ziko, yeye mwenyewe ataonyesha bantu.”

Mungu wangu. Zilikuwepo! Zilikuwepo kumi na tano, zimefungwa katika kitambaa, chini ya beseni nililolipindua nyuma ya gunia la makaa, pamoja na nyama ya kutosha na kipande cha jibini, fungu letu la siri mimi na Baba Mukalayi. Nikisema zipo, mimi ni mwizi, na mwizi haandikiwi barua. Nikisema hazipo, karamu imekufa, na mpishi aliyeua karamu haandikiwi barua pia. Baba Mukalayi kule mlangoni alinitolea macho na kutikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo, kila mmoja ulikuwa unazaa mwingine.

“Ziko, Madame. Nilizificha.”

“Juu ya nini?” akauliza, yaani kwa nini.

“Juu ya kula, Madame.”

Safari hii hakuna aliyejifanya anakohoa. Walicheka mpaka mmoja akatoa leso, na Madame Amparo alipotafsiriwa alicheka kuwazidi wote, akainuka, akaagiza mbabula, lile jiko la makaa, iletwe pale pale barazani. Nikaleta mbabula, nikaleta na fungu langu la wizi mbele ya macho yote hayo, nikasimama kando yake. Akapasha moto mkate mmoja, akaukunja juu ya nyama, akanipa mkononi: taco, ya kushika, mchuzi tone moja tu, tena ndani. Akaweka jibini kwenye wa pili, akaufunga na kuugeuza mpaka ikavutika: quesadilla, haitaki mchuzi. Wa tatu akaukaanga ukalia alipougonga kwa kucha: tostada, ukiilowesha umeiua. Akanionyesha ile sahani ya kwanza: hiyo enchilada, yenyewe ndiyo ya kuogeshwa, nayo inataka uma. Basi nikaelewa kwa mara ya kwanza wiki ile kwamba umbo si kitu, tofauti iko kwenye mchuzi, unaingia wapi na lini. Wageni wakala zote kumi na tano kwa mikono. Baba Mukalayi hakuonja hata moja, na hadi leo hajanisamehe.

Bwana peke yake hakucheka. Alikwenda kubadili suruali, akarudi, akaniambia maneno mawili tu: “Kesho, bureau,” yaani ofisini kwake.

Kesho yake akanipa bahasha. Mimi sijui Kifaransa cha kuandikwa, nikaikimbiza kwa karani mmoja jirani yangu, nikijua ni ya kunifukuza. Karani akasoma, akaanza kutabasamu, kisha akanitafsiria: “Mpishi huyu ni mwongo kidogo na mwizi kidogo, lakini ana kazi ya kudumu kwangu. Naomba mke wake aruhusiwe kuja upesi, ili apate kula kwake na aache kuficha chakula changu.” Nikakaa chini pale pale mlangoni kwake, juu ya udongo, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Nilichosahau ni kwamba barua hiyo ingesomwa Mitwaba, kwa sauti kubwa, mbele ya foleni nzima ya watu wa kwetu.

Tangu hapo nimeapa simwagi kitu juu ya chakula cha mtu kabla ya kumuuliza anakipendaje, na nikiulizwa kama nimeelewa, naomba nielezwe tena. Ngoie aliposhuka kwenye lori, mtoto mgongoni na furushi kichwani, hakunisalimia kwanza. Alisema kwa sauti, abiria wote wakisikia, “Ni weye njo mwizi wa Bwana?” Nikajibu, “Ni miye, mama,” na sikuona haya hata kidogo, maana alikuwa amefika.