Matamvua ya Perege wa Ziwani

Mwaka huu perege wa binti yangu walianza kufa, wakielea bwawani midomo wazi. Bwawa lile, huku Mahege, mimi ndiye niliyemshawishi alichimbe. Mwenyewe alitaka kuuza nguo. Kwa hiyo alipoanza kusema atalifukia, nilimwomba subira tu.

Akaja mtaalamu wa samaki, mama wa bara. Alimfunua perege shavu akatuonyesha matamvua, ile nyama nyekundu yenye meno kama kitana ambayo samaki hupumulia. Ilikuwa imepauka. Akasema juu yake huishi bakteria wa kila aina, na wengi hawana ubaya. Wamekaa pale kama wenyeji, wakorofi wakakosa nafasi. Alikwisha kuwapima samaki wa mito ya baridi kule nyanda za juu. Sasa alitaka perege wa ziwa la jirani, ambao hakuna anayewafuga, awalinganishe na wetu.

"Mzee, utanipatia?"

"Hilo tu?"

Nimesoma hadi kidato cha nne, na bakteria niliotoka nao shuleni ni wa kuhara na kipindupindu. Hawa wenyeji wema sikuwahi kuwasikia.

Alfajiri nikaazima mtumbwi, nikavua perege wanono. Na hapo mkono ukafanya ulichozoea. Kwa jua letu samaki huanza kuoza mashavuni, kwa hiyo ukimtoa majini tu unang'oa matamvua na kumsuuza. Nilirudi bwawani najisifu.

Mtaalamu alifunua shavu la kwanza, la pili, akanitazama. Binti yangu akachungulia, akaangua kicheko.

"Baba! Umeleta wa kukaanga!"

"Nimekosea," nikasema. "Gari lako linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Lakini kwa jua hili, mzee wangu, acha tu."

"Nipeni ndoo."

Mchana perege hujificha kwenye kivuli cha matete, na mamba nao hupapenda hapo. Nilikaa katikati ya mtumbwi, nikarusha ndoana mpaka mabega yakawaka. Niliwapata wawili, nikawaleta wazima ndani ya maji. Niliwashika mwenyewe huku mtaalamu akipitisha kijiti cha pamba kwenye matamvua na kukitia katika boksi la barafu.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Wa ziwani walikuwa na bakteria wa aina nyingi. Kwa wetu, aina chache zilikuwa zimetawala. Mtaalamu hakusema amepata dawa. Alisema samaki wamebanana na maji yamechoka: tupunguze samaki, tubadili maji, tuone.

"Tuone mpaka lini?" binti yangu akaniuliza.

"Mpaka vuli. Wakifa tena, nitalifukia bwawa mwenyewe."

"Kwa mgongo gani, baba?"

Nilishaingia kwenye matope na jembe, nachimba mfereji wa kutolea maji. Alisimama ukingoni kidogo, kisha akavua kandambili akaingia.