Nguo ya Kutokea

Mke wangu alirudi kutoka Beni akiwa na homa. Alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake, aliyekaa karibu na njia ya Mavivi, na sisi hapa Butembo tuliambiwa kwamba shangazi amekufa kwa malaria. Wakati ule kila mtu alikufa kwa malaria mpaka watu wa maabara waseme vingine. Mke wangu alikuwa na mimba. Tumbo lilikuwa limeanza tu kuonekana chini ya kikwembe. Asubuhi ile alikaa kwenye kibao cha jikoni, akakataa chai, akaniambia, "Usinikaribie."

Nilidhani nimemkosea. "Kuko nini?"

"Nilimushika shangazi. Nilimupangusa uso na mikono yangu. Leo asubuhi banatuma habari kutoka Beni, banasema ilikuwa Ebola. Usinikaribie, nakuomba."

Mimi ni fundi wa kujenga. Nimesimama juu ya kuta za ghorofa, upepo wa mlimani ukinisukuma, na sikushika kitu. Lakini asubuhi ile nilishika mlango wa jikoni kwa mikono miwili.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye moyo mwema, alisikia mke wangu akitapika. Akaja mpaka kwenye ua, akaniita kwa sauti ya chini.

"Usiite batu ba Riposte," akasema. Riposte ndilo jina tulilowapa wote waliokuja kupambana na ugonjwa ule, na magari yao na dawa zao. "Kule mutu anaingia na miguu, anatoka ndani ya mufuko. Umupeleke ku chambre de prière. Bataomba, homa itashuka."

Nakiri kwamba maneno yale yalinivutia. Kumficha mke wangu katika nyumba ya maombi kulionekana kuwa imani, na mimi nilitaka kitu chochote ambacho si gari lile. Nikampigia simu mama mkwe wangu, mkulima wa Vuhovi. Yeye ni Mprotestanti wa kanisa la pale kijijini, na watu walikuwa wakitoka vilima vya mbali kumwomba awaombee. Nilikuwa na hakika atasema mpeleke kwenye maombi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ile nyumba ya maombi iko na serumu?"

"Hapana, mama."

"Iko na baganga?" Kwetu baganga ni madaktari.

"Hapana."

"Donc umupeleke kwenye kuko baganga. Mungu hapana kukosa adresse. Atamukuta kule kule."

Gari likaja. Watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki walishuka, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na mmoja akajitambulisha kwa Kinande ili tusiogope. Tuliogopa vilevile. Majirani walisimama barabarani kwa umbali. Mke wangu alikataa kubebwa. Alipanda mwenyewe, mkono mmoja juu ya tumbo, na mlango wa nyuma ukafungwa. Wakabaki wengine kunyunyiza nyumba yetu klorini. Godoro letu lilichomwa nyuma ya choo. Harufu ile ninayo hata sasa puani. Mtu akiosha sakafu kwa klorini, natoka nje.

Mimi nilichanjwa, nikaambiwa nisitoke. Kila asubuhi kijana wa afya alikuja na kipimajoto kinachofanana na bastola ndogo, akakielekeza kwenye paji la uso wangu. Nilifumba macho. Kati ya kubonyeza na kusoma namba kulikuwa na kimya kidogo, na katika kimya kile nilikufa na kufufuka kila siku. Hakuna aliyeniita kazini. Waliopita mbele ya nyumba yetu walivuka upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea, na mfuko wa maharage kichwani na blanketi begani. Alikuwa ametoka Vuhovi kwa pikipiki. Nilimwona akifungua kilango cha ua, nikapiga kelele kutoka ndani.

"Mama, simama pale! Nyumba hii si ya kuingia!"

Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Humpigii kelele, wala huketi naye kibao kimoja. Lakini yeye hakukasirika. Aliweka mfuko chini, akaangalia nyumba, kisha akaangalia jiko letu, ambalo lilijengwa peke yake pembeni.

"Jikoni balinyunyiza?"

"Balinyunyiza."

"Basi nitalala jikoni. Weye kaa ndani, miye nitapika, nitaweka sahani ku mulango. Mutoto anakufa na njaa juu ya woga?" Aliniita mutoto, mimi mwenye mvi.

Alikwenda mwenyewe kuomba chanjo. Aliosha mikono kwa klorini mpaka ngozi ikapasuka. Watu wengine walifikiri kwamba mwenye imani hafanyi hivyo. Yeye aliomba na kuosha pia, na sikuwahi kumsikia akieleza sababu.

Ruhusa ya kutoka kumwona mgonjwa tu ilipopatikana, tulianza kwenda kwenye kituo cha matibabu. Mgonjwa alikuwa amelala katika chumba cha plastiki kinachoonyesha ndani, na sisi tulisimama nje, nyuma ya uzio wa wavu wa rangi ya machungwa. Siku ya kwanza sikumtambua. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imepasuka. Alituona, akajaribu kuinua mkono, ukarudi juu ya shuka.

Nilitoa rozari yangu mfukoni. Mimi ni Mkatoliki. Sala zangu nilizijua tangu utotoni, na siku ile zilikuwa zinatoka mdomoni kama mchanga. Mama mkwe hakufumba macho. Alisimama wima, mikono kando, akasema kwa Kinande, akimwita Mungu Nyamuhanga kama wazee wetu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwingine aliye mbele yake: "Nyamuhanga, huyu ni mutoto wangu. Nataka atoke hapa na miguu yake. Nakuomba." Basi. Akaketi juu ya jiwe na kuanza kutazama chumba kile bila kupepesa.

Nikangoja. Mwishowe nikauliza, "Mama, unaangalia nini?"

"Naangalia kama jibu inaanza kukuja."

Njiani kurudi aliniuliza mimi niliomba nini. Nikamwambia kwamba nilisema mapenzi yako yatimizwe.

"Ni vizuri. Na mbele ya pale ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Tukapita kando ya rundo la matofali, naye akasema, "Bwana Yesu ule usiku katika bustani, alianza kusema anataka nini. Alisema kikombe kimuondokee. Kisha ndiyo akasema mapenzi yako. Weye unaanzia ku mwisho. Juu ya nini?"

Jibu nililijua, na lilinitia haya mbele ya mkwe. Niliogopa kuomba. Niliona kwamba nikisema wazi, "Nataka mke wangu aishi," na asipoishi, nitabaki na makaburi mawili, la mke wangu na la Mungu wangu. "Mapenzi yako" ilikuwa mlango wa nyuma niliouacha wazi ili sisi wote wawili, Mungu na mimi, tupate pa kukimbilia.

Nilipokuja kuomba, sikufanya vizuri. Ilikuwa mchana, niko peke yangu ndani, nimeketi sakafuni mahali palipokuwa na godoro. Nikasema kwa sauti, "Nataka aishi. Yeye na mtoto." Sikuona amani wala joto moyoni, kama wanavyoshuhudia watu kanisani. Woga uliongezeka. Mtu asiyengojea kitu analala. Mimi tangu saa ile nilishtuka kila simu ilipolia.

Na simu ikalia. Mwanamke kijana aliyefanya kazi ya kuongea na familia pale kituoni alituita, akatukalisha chini ya hema. Alikuwa binti wa Lubero, mwenye kusema polepole.

"Mama anapumua," akaanza. "Mais mimba imetoka. Tunasikitika sana, papa."

Nilimtazama mama mkwe. Uso wake haukubadilika, lakini mikono ilikamata kikwembe chake na kukikunja, kukikunja, mpaka goti likabaki wazi. Yule binti akaongeza kwamba siku zilizofuata ndizo zingekuwa ngumu kuliko zote. Sisi tulielewa alichotaka kusema.

Kesho yake mama mkwe aliondoka nyumbani mapema. Nilifikiri amerudi Vuhovi kulia na watu wake, na sikumlaumu. Saa sita akarudi kutoka sokoni na kitenge kipya, cha bluu yenye maua ya njano.

"Ni ya nini, mama?"

"Ya mutoto wangu. Kule, nguo zote benye banaingia nazo banachoma. Siku ya kutoka atavaa nini? Atatoka uchi?"

Alikipeleka kwa mshonaji wa mtaani. Kupitia kwa jirani nilisikia yaliyosemwa pale. Mshonaji alimwuliza mgonjwa amekonda kiasi gani, na mama mkwe akamjibu ashone kwa vipimo vya zamani. Na mtaa mzima ukapata habari moja: mama wa Vuhovi amenunua nguo ya kuzikia. Jirani yule mwenye moyo mwema alikuja kunipa pole mapema, amesimama ng'ambo ya barabara, analia kweli. Nilifunga dirisha. Maana hata mimi, nilipoiona nguo ile imekunjwa vizuri juu ya mfuko wa maharage, niliona maiti.

Jioni nilishindwa kujizuia. Nikasema kupitia mlangoni, "Mama, unisamehe. Batu banasema ile nguo ni ya maziko."

Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Benye banakufa na hii ugonjwa, nani anabavalisha?"

Hakuna. Tuliyajua sote: hakuna kuosha, hakuna kuvalisha, ni mfuko na zipu.

"Donc," akasema, "nguo hii hapana kuwa na kazi ingine. Ni ya mutu anaishi." Kisha mikono yake ikasimama. "Miye pia niko na woga, mutoto. Usifikiri. Nilinunua na woga."

Sijui kwa nini maneno hayo ndiyo yaliyonishika kuliko yote. Nilikuwa nimedhani imani yake ni ukuta. Kumbe alikuwa akitembea gizani kama mimi, ila yeye alitembea akielekea mbele.

Siku ngumu zikaja. Kuna siku hakutujua. Kuna siku kitanda cha jirani yake kilikuwa kitupu, na hatukuuliza. Mama mkwe alisema maneno yake yale machache kila tulipofika, hakuyapamba, hakuyarefusha, kisha akaketi kutazama. Mimi nilisimama karibu naye, nikasema yangu. Halafu asubuhi moja tulimkuta mke wangu ameketi, anakula uji, na anamgombeza mwuguzi kwamba hauna sukari.

Alipotoka, vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba ugonjwa umekwisha mwilini. Alioshwa, akavaa nguo ya bluu iliyopitishwa ng'ambo ya uzio, akatokea mlangoni. Nguo ilimmeza. Mabega yalishuka mpaka mikononi, na ilimbidi akusanye kitambaa kiunoni kwa ngumi ili asikikanyage. Wafanyakazi walipiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Alimkamata uso kwa mikono yote miwili, mikono ile iliyopasuka kwa klorini, akasema, "Wasingya, Nyamuhanga. Wasingya." Ndiyo asante ya kwetu.

Kanisani kwake walitaka mama mkwe atoe ushuhuda. Alikubali, akasimama, akasimulia yote, na watu wakashangilia. Kisha akasema jambo ambalo halikupigiwa vigelegele. "Niliombea na mujukuu pia. Yeye hapana kutoka. Batu bananiambia ni mapenzi ya Mungu. Miye sijui. Nitamuuliza Yeye mwenyewe, na nangojea anijibu." Akaketi. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Watu walichukua muda mrefu kurudi kutusalimia kwa mkono. Mke wangu hupata maumivu ya viungo na macho, na kuna siku anakaa kimya akishika tumbo. Ugonjwa ule uliisha, lakini woga wa kwetu haukosi sababu. Vijiji vya upande wa Beni vinashambuliwa na waasi, na barabara ile hakuna anayeipita bila moyo kudunda.

Juzi mama mkwe aliamua kwenda Beni kwenye mkutano wa wamama wa kanisa. Tulimwomba asiende. Akacheka, akapanda gari. Mke wangu na mimi tulifunga mlango, na mimi ndiye niliyeomba. Nikasema, "Tunataka afike. Tunataka arudi." Sikuongeza kitu kwanza. Baadaye tu nikasema lile neno la mwisho, mapenzi yako yatimizwe.

Tukaketi, simu mezani kati yetu. Hatukula. Mke wangu alikuwa akiitazama bila kupepesa, na mimi nikajikuta nafanya vilevile. Saa nane simu ikalia, nikaichukua.

"Tulifika," akasema mama mkwe. "Vumbi mingi! Na mwenye gari hajui kuendesha."

Mke wangu akachukua simu kutoka mkononi mwangu, akamwuliza mama yake kama amekula.