Dekio Mlangoni

Hebu mwone mwenye nyumba ya wageni akija mlangoni, ndoo mkono mmoja, dekio mkono mwingine. Teksi ikisikika tu nje, sakafu lazima ilowe. Mfuko wa kulia wa aproni yake una ufunguo wa chumba cha bustanini. Wa kushoto una wa kile kinachopakana na jenereta.

“Wifi, watu wametoka mbali, wewe unawapa mtihani wa maji,” mpishi, mke wa kaka yake, humtania.

“Mtihani gani? Napiga deki tu.”

Lakini jicho liko kwenye viatu. Anayesimama akauliza pa kupita hupata bustani. Anayekanyaga tu hulala na jenereta, na chai yake huchelewa kidogo.

Leo mgeni mmoja kasimama vizuri kabisa, kisha kainua simu na kumpiga picha mwenye nyumba akiwa ameinama. Mwenye nyumba kaacha kudeki, maji yakimchuruzika vidoleni. Mgeni kaona amemuudhi. Kaifuta picha mbele yake, kavua viatu.

“Samahani, mama. Nilipaswa kuomba kwanza.”

Mkono wa mwenye nyumba unaelekea mfuko wa kushoto, unasita, unagusa wa kulia. Chumba cha bustanini ni kimoja tu, na nje teksi nyingine inasimama. Wewe ungetoa ufunguo upi?