Mwito wa Dunguni na Fidla ya Mgeni

Watu wakinisikia nikipiga fidla huniuliza nilianzia wapi. Nikijibu kwamba nilianzia kwenye kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, wanacheka. Haya, chekeni! Masikio haya yalifunzwa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, katikati ya mpunga wa Mbuchi, wakati wa vita vya maji.

Tulikuwa wageni pale. Kwetu ni Mkongo, juu mtoni. Baba aling'oa pamba ya Mdachi pamoja na wenzake, akanywa maji ya dawa ya kuzuia risasi, akaenda vitani. Mama akanishika mkono tukateremka na mto hadi kwa shangazi yangu, naye akatupa kipande cha shamba chenye madungu mawili ya kulindia mpunga. Kwenye moja akakaa mama. La pili, lililotazamana na lake, alisema ni la baba akija. Baba hakuja, nikapanda mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuamia si kupayuka tu. Mmoja anaita, mwenzake lazima ajibu, na asijibu kwa sauti ileile. Mama akiita juu, mimi najibu chini. Ukimrudishia mtu mwito wake kama ulivyokuja, atajuaje kama ni wewe au ni mwangwi wa mikoko? Atajiona yuko na mtu, kumbe simba amekwisha kukubeba! Tena kumwiga mtu mwito wake ni kumdhihaki. Nilichapwa kwa kosa hilo mara moja, ikatosha.

Siku hizo palikuwa na mwalimu wa muziki aliyekwama Mbuchi. Alitoka Unguja kuja kumzika ndugu yake, vita vikamkuta, askari wakafunga njia ya baharini. Basi akawa anakaa barazani na fidla yake begani, anaikwaruza kwa kile kijiti cha nywele za farasi. Lo! Siku ya kwanza kuisikia niliwaacha ndege wakala mpunga hadi wakachoka wenyewe.

"Mtoto kapagawa huyu!" shangazi alifoka.

Kweli nilikuwa nimepagawa, na sikutaka kupungwa.

Mara zikaja habari kwamba njia imefunguliwa, na mwalimu ataondoka Ijumaa baada ya sala. Tena kuna tajiri kule Unguja anayegharimia watoto wafundishwe fidla, udi na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Chakula juu yake, mavazi juu yake, mpaka mtoto aive. Mwalimu atachukua mmoja kutoka Mbuchi. Mmoja tu! Tangu niliposikia hayo, wali nilikuwa nausahau sahanini. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Alhamisi asubuhi tukajipanga barazani, watoto tisa. "Nitapiga sauti moja," mwalimu akasema, "nawe uiimbe vilevile." Wenzangu wakaimba, wengine wakapatia, wengine ovyo. Ikafika zamu yangu. Akapiga juu. Mimi nikamjibu chini, kwa kifua chote. Akanikazia macho, akapiga tena. Nikamjibu tena.

Niliyaelewa maneno yake, msidhani sikuyaelewa. Lakini kumwiga mtu mzima, tena mgeni, tena mbele za watu? Mdomo wangu ulikataa katakata.

"Huyu masikio yameziba," mwalimu akasema. "Anayefuata!"

Watoto wakaangua kicheko. Mimi, niliyekuwa nasikia ndege wakija kabla sijawaona! Nikaona hasira, nikaona haya, machozi yakanitoka.

Mama alikuwa nyuma ya watu, matope ya shamba yamemkaukia miguuni. Akapenya mpaka mbele. "Mwalimu, uniwie radhi. Huyu si kiziwi, huyu ana adabu. Kwetu ukimwita mtu hakuigi, anakujibu. Hebu piga tena, halafu msikilize anavyokujibu."

Mwalimu akacheka kidogo. "Haya, mama."

Safari hii hakupiga sauti moja, alipiga kipande kizima. Nikamjibu. Akapanda, nikashuka. Akakimbiza, nikamfuata kwa chini. Mwisho hakuningoja nimalize, nami sikumngoja, tukaenda pamoja, sauti mbili. Ebo! Mwili ulinisisimka mpaka utosini. Shangazi akapiga vigelegele: "Mcheza kwao hutuzwa!"

Mwalimu akaiweka fidla mapajani. "Wengine nawafundisha jambo hili miaka. Huyu kaja nalo. Kesho baada ya sala, uwe tayari."

Niliruka, nikaanguka, nikaruka tena. Njia nzima nilikuwa nikiimba. Tulipofika shambani nikayaona madungu yetu, la mama na lile la pili. Furaha ikanikatika.

"Mama, siendi."

"Una wazimu?"

"Nani atakujibu?"

Mama akanisukuma begani. "Kaoge. Unanuka matope."

Ijumaa hakuja kuniaga pwani, maana ndege hawajui Ijumaa. Lakini mashua yetu ilipita kwenye mkono wa mto kando ya mpunga wetu, jua likiwa kali. Nikasikia mwito wake, juu, uleule. Nikasimama nikajibu chini. Akaita tena, nikajibu. Tukakata kona. Akaita mara ya tatu, nikajibu kwa nguvu zangu zote, ila tulikuwa mbali na sikujua kama sauti imemfikia.

Akaita tena. Kabla sijavuta pumzi, likaja jibu kutoka shambani. La chini, zito.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba karudi!" Karibu nijitupe majini, mwalimu akanidaka kanzu.

Ikaja mara ya pili, mwito na jibu lake. Nikatega sikio. Lile jibu la chini lilitetemeka mwishoni, kama koo lililolazimishwa kushuka lisikozoea. Alikuwa mama. Alikuwa akijiita, na kujijibu mwenyewe.

"Alhamdulillahi," mwalimu akasema, akicheka. "Kumbe baba yako amefika! Twende kwa amani, mwanangu, mama yako ana mwenzake."

Yeye, mwalimu wa muziki, hakusikia.

"Ndiyo, mwalimu," nikamjibu, nikakaa chini.